Kazi, Ajira na Shughuli: Maneno ya Swali katika Kupima Kiwango cha Ajira ya Wanawake

1.0 Utangulizi

Kila soko la kazi linapojadiliwa, kiwango cha ajira ya wanawake ni miongoni mwa viashiria vinavyotajwa mwanzo. Kikipanda, husemwa kwamba wanawake wanapata nafasi. Kikishuka, husemwa kwamba wanaachwa nyuma. Wapangaji wa maendeleo na waandishi wa magazeti hukichukulia kama kipimajoto: zebaki inapanda au inashuka, na mgonjwa anajulikana hali yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Afrika Mashariki, na hasa Tanzania, kiashiria hiki hakiwezi kusomwa sawasawa bila kuliangalia swali lililokizaa. Swali hilo huulizwa barazani, uani au kando ya shamba, na kwa sehemu kubwa ya nchi huulizwa kwa Kiswahili. Maneno yanayotumika, yaani kazi, ajira, shughuli, msaada na biashara, hayakubuniwa na wanatakwimu. Yalikuwapo kabla yao na yana historia yake vinywani mwa watu. Hivyo basi, jambo ambalo kwa desturi huachiwa wachumi ni jambo la semantiki vilevile, na wanafunzi wa Kiswahili wana neno la kusema juu yake.

2.0 Kiashiria Chenyewe

Hesabu yake ni nyepesi. Idadi ya wanawake wenye ajira hugawanywa kwa idadi ya wanawake wote wenye umri wa kufanya kazi, aghalabu wale wa miaka 15 na kuendelea, kisha jawabu huzidishwa kwa 100. Kiwango hiki si sawa na kiwango cha ushiriki katika nguvukazi, ambacho huwajumlisha wenye ajira pamoja na wale wasio nayo lakini wanaitafuta. Aidha, kinatofautiana na kiwango cha ukosefu wa ajira, ambacho kigawanyo chake si wanawake wote bali nguvukazi peke yake.

Tofauti hiyo ya mwisho inafaa kusisitizwa. Mwanamke aliyekata tamaa akaacha kutafuta kazi hutoka katika hesabu ya ukosefu wa ajira. Kiwango hicho hushuka ilhali hali yake haikubadilika hata kidogo. Kiwango cha ajira hakina upofu huo, ndiyo maana wataalamu wengi hukiamini zaidi. Hata hivyo, kina upofu wa aina nyingine.

Upofu huo hujitokeza mara tu nchi zinapolinganishwa. Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, takriban wanawake wanane katika kila kumi wa Tanzania wamo katika nguvukazi, na walio wengi mno kati yao huhesabiwa kuwa na ajira. Nchini Italia ni takriban wanne katika kila kumi. Nchini Jordan hawafiki wawili. Kama kiwango kikubwa kingekuwa ishara ya neema, basi mwanamke wa Singida angekuwa amemwacha mbali mwenzake wa Milano. Hakuna anayeamini hivyo.

Maelezo ya hali hii yalianza kukusanywa zamani. Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu nafasi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi, alionyesha jinsi kilimo cha jembe la mkono katika Afrika kilivyobebwa na wanawake, na jinsi mabadiliko yaliyoitwa maendeleo yalivyoweza kumsukuma mwanamke pembeni. Katika miaka ya 1990 Claudia Goldin, mwanahistoria wa uchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, alieleza kwamba ushiriki wa wanawake hufuata mkondo wenye umbo la herufi U. Katika nchi maskini ya wakulima huwa juu, kwa sababu hakuna kaya inayoweza kumudu mtu wa kukaa bure. Viwanda vinapoingia hushuka, kwa sababu kazi inahama nyumbani, na kazi ya kiwandani kwa mke wa mtu huonekana fedheha. Hupanda tena pale elimu ya wasichana inapowafungulia ofisi na madarasa. Nadharia hii ina wapinzani wake, na nchi kadhaa hazikufuata mkondo huo. Lakini inatosha kwa jambo moja: asilimia 80 iliyoko upande wa kushoto wa herufi hiyo si sawa na asilimia 80 iliyoko upande wa kulia. Ya kwanza husema kwamba mwanamke hana njia ya kutofanya kazi.

3.0 Mipaka Iliyochorwa Geneva

Nani ahesabiwe kuwa na ajira? Jawabu hutolewa na Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, unaokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani. Maazimio mawili ya mkutano huo ndiyo yenye uzito hapa.

Azimio la mwaka 1982 lilimhesabu kuwa na ajira mtu aliyefanya kazi kwa malipo, kwa faida au kwa manufaa ya familia, hata kwa saa moja tu, katika kipindi kifupi cha marejeo, ambacho kwa kawaida ni siku saba. Mkulima wa chakula cha nyumbani aliingia pia, ilimradi mazao hayo yawe mchango wa maana katika maisha ya kaya. Mpaka huu ulifuata ule wa hesabu za pato la taifa: kuzalisha kitu kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji, lakini kutoa huduma nyumbani si uzalishaji. Kulima muhogo ni kazi ya kiuchumi. Kuumenya na kuupika sicho. Hata kuteka maji, kwa kanuni, huwa ndani ya mpaka, na kuyatumia maji hayohayo kumwogesha mtoto huwa nje. Mwanamke anayeshusha ndoo kichwani akaanza kuosha vyombo huvuka mpaka wa uchumi wa dunia papo hapo kizingitini, wala hana habari.

Azimio la mwaka 2013 liliupanga upya uwanja wote. Neno kazi lilipewa maana pana: kila juhudi ya kuzalisha kitu au kutoa huduma, kwa ajili ya mtu mwenyewe au ya wengine, pawe na malipo au pasiwe. Kupika, kulea na kuuguza vikakubaliwa kuwa kazi. Kwa upande wa pili, ajira ilifinywa ikabaki kuwa ile tu inayofanywa kwa malipo au faida. Mkulima ambaye mazao yake huliwa nyumbani alitambuliwa kuwa anafanya kazi, lakini akatolewa katika hesabu ya wenye ajira. Wanaharakati waliodai kwa miaka mingi kwamba kazi ya mwanamke ionekane walipata walichokitaka kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mamilioni ya wanawake wakaondoka katika kiwango cha ajira.

Uzito wa mabadiliko haya huonekana vyema kwa mfano wa kubuni. Ichukuliwe kwamba kitongoji fulani kina wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kati yao, 9 wanalipwa mshahara au posho ya kibarua. 21 wana biashara zao ndogo ndogo. 5 wanafanya kazi bila malipo katika duka au shamba la biashara la familia. 45 wanalima chakula cha nyumbani tu. 6 hawana lolote kati ya hayo na wako tayari kufanya kazi, lakini ni 2 tu kati yao wanaoitafuta. 14 waliobaki ni wanafunzi, wazee na wale wanaoshughulika na nyumba peke yake.

Kwa kipimo cha 1982, wenye ajira ni 80, nao ukosefu wa ajira ni watu 2 kati ya 82, yaani asilimia 2.4. Kwa kipimo cha 2013, wenye ajira ni 35, nao ukosefu wa ajira ni 2 kati ya 37, yaani asilimia 5.4, na ungeongezeka zaidi kama baadhi ya wale wakulima 45 wangekuwa wanatafuta kazi ya malipo. Wakihesabiwa pia wale walio tayari lakini wamechoka kutafuta, ukosefu wa ajira ni 6 kati ya 41, yaani asilimia 14.6. Na kama atachukuliwa mpita njia akaulizwa ni wanawake wangapi wa kitongoji hicho wenye ajira, huenda akajibu: tisa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyebadilisha anachokifanya.

Mfano wa kweli upo jirani. Nchini Rwanda kipimo kipya kilitumika katika utafiti wa nguvukazi ulioanza mwaka 2016. Kiwango cha ushiriki wa wanawake, ambacho kwa kipimo cha zamani kilikuwa kikizidi asilimia 80, kikawa chini ya nusu. Msomaji ambaye angeziweka takwimu hizo mbili katika mchoro mmoja bila maelezo angedhani kwamba nchi hiyo imekumbwa na balaa.

Hata kipimo kipya kinaacha nje ya kiwango cha ajira jambo ambalo halipasi kusahauliwa. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa nchini Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo, na wanaume asilimia 3.6. Hiyo ni karibu saa nne na nusu kwa mwanamke, na chini ya saa moja kwa mwanamume. Kiwango cha ajira kinaposema kwamba tofauti kati ya wanawake na wanaume wa Afrika Mashariki ni ndogo, hakisemi ni siku ya urefu gani inayofanya tofauti hiyo iwe ndogo.

4.0 Maneno Yafikapo Uani

Mipaka ya Geneva huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Baada ya hapo lazima igeuzwe iwe sentensi ambayo mwanamke wa Mpwapwa au Makunduchi ataisikia na kuijibu. Hapa ndipo maneno yanapoanza kudai haki yao.

Neno kazi ni pana mno. Hutaja juhudi yoyote yenye lengo, na kwa maana hiyo hakuna anayeweza kusema kuwa mwanamke wa kijijini hana kazi. Lakini papo hapo lina maana finyu iliyokomaa wakati wa ukoloni: kazi ni ile ya mshahara, yenye bosi, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ndiyo maana mtu aliyeamka alfajiri akapalilia nusu ekari, akateka maji mara tatu na kuuza vitumbua njia panda, anaweza kusema jioni bila kuona mgongano wowote: “Sina kazi, niko nyumbani tu.” Neno zito katika sentensi hiyo ni lile la mwisho. Tu hiyo ndiyo inayomfuta katika dodoso.

Ajira ina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa ujira na ijara. Malipo yamo ndani ya mzizi wake, na mwajiri hawezi kutengwa nayo. Wanatakwimu wanapomhesabu muuza mihogo kuwa ana ajira, na istilahi ikawa ya kujiajiri, lugha inalazimishwa kumfanya mtu mmoja awe mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja. Neno limekubalika katika hotuba na magazeti. Hata hivyo, muuza mihogo mwenyewe husema anatafuta riziki, au anahangaika, au anabangaiza, na ni nadra kusema kwamba amejiajiri.

Kibarua, nalo, ni barua ndogo. Asili yake ni kile cheti alichopewa mtu wa kutwa ili siku zake zihesabiwe. Ni mfano mzuri wa jinsi karatasi inavyoweza kugeuka kuwa jina la kazi, na kisha kuwa jina la mtu anayeifanya. Mwenye karatasi alikuwa na kazi; asiye na karatasi alikuwa shambani kwake.

Lugha ya siasa iliimarisha mgawanyo huo. Kwa miongo kadhaa Watanzania wameambiwa kwamba nchi ni ya wakulima na wafanyakazi, na jembe na nyundo vikawekwa pamoja katika nembo ya chama. Kiunganishi na katika msemo huo kina kazi kubwa: kinatenga. Mkulima si mfanyakazi. Ana sikukuu yake, Nane Nane. Mfanyakazi ana Mei Mosi. Akiulizwa kama anafanya kazi, mkulima mwanamke aliyelelewa na lugha hiyo ana haki kabisa ya kujibu hapana. Ajabu ni kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilieneza msemo huo, liliwataja wanawake wa vijijini kuwa ndio wanaofanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, na likawasema wanaume wa vijijini kwa uvivu wao. Andiko lilimwona mwanamke. Msemo uliobaki midomoni haukumwona.

Istilahi nguvukazi nayo si tupu. Kwa mwanatakwimu ni jumla ya watu wawili, aliye na ajira na anayeitafuta. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye umri wa kutosha, ni kumbukumbu ya mwaka 1983, sheria ya ugawaji wa nguvukazi ilipopitishwa, na watu walioonekana hawana kazi inayotambulika wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Mtu aliyeyashuhudia hayo, akijiwa nyumbani na mgeni mwenye kalamu anayetaka kujua alifanya nini wiki iliyopita, atapima jibu lake.

Wadadisi wengine, kwa kuona ufinyu wa kazi, hukimbilia shughuli. Neno hili ni laini na halidai mshahara. Lakini nalo lina njia zake: mjini Dar es Salaam, mwanamke akisema wiki nzima alikuwa na shughuli, huenda ametoka kumwoza binti wa dada yake.

Msaada ndio mtego mkubwa kuliko yote. “Namsaidia baba watoto” ni jibu la adabu. Linatambua nani mwenye shamba machoni pa jamaa na majirani, wala halitaji saa ngapi za jembe zimo ndani yake. Kiwango cha ajira hakina nafasi ya adabu. Mdadisi mvivu huandika kuwa hana ajira; mdadisi mwangalifu huuliza tena: anasaidia kufanya nini, kwa siku ngapi, na mazao yanakwenda wapi?

Isidhaniwe kwamba tatizo hili ni la Kiswahili peke yake au la nchi maskini peke yake. Nchini Marekani, hadi mwisho wa mwaka 1993, utafiti wa kila mwezi wa nguvukazi ulianza kwa kumwuliza mtu alikuwa akifanya nini kwa sehemu kubwa ya wiki iliyopita, na mdadisi alichagua maneno kwa kumtazama aliye mbele yake. Aliyeonekana kuwa mama wa nyumbani alitajiwa utunzaji wa nyumba. Mwanamume alitajiwa kazi. Dodoso lilipoandikwa upya Januari 1994, swali hilo likaondolewa, na pakawekwa maswali ya wazi juu ya kazi pamoja na swali la kama kaya ina biashara au shamba. Majaribio yaliyoendeshwa sambamba yalionyesha kwamba kwa dodoso jipya kiwango cha ajira ya wanawake kilikuwa juu zaidi kuliko kwa lile la zamani.

5.0 Jaribio la Tanzania

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka Tanzania kwenyewe. Katika miaka ya 2007 na 2008 ulifanyika utafiti wa kaya uliopangwa makusudi ili kujaribu maswali yenyewe. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 na Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels. Kaya ziligawiwa kwa bahati nasibu katika mafungu manne. Baadhi ziliulizwa dodoso refu, lililoanza kwa maswali ya mchujo kuhusu kila aina ya kazi. Nyingine ziliulizwa dodoso fupi lisilo na mchujo. Baadhi ya watu walijijibia wenyewe. Wengine walijibiwa na mtu mwingine wa kaya.

Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, watu wa mafungu yote walitarajiwa kufanana. Hata hivyo, kiwango cha ushiriki katika nguvukazi kilitofautiana kwa hadi pointi 10 za asilimia kati ya fungu na fungu. Dodoso fupi lilishusha ushiriki wa wanawake, na lilipunguza kazi za mshahara kwa wanawake na wanaume vilevile. Pointi 10 si jambo dogo. Waziri anayeweza kuonyesha kwamba ajira ya wanawake imepanda kwa pointi 10 katika kipindi chake atalisema hilo katika kila hotuba. Kumbe angeweza kulipata kwa kuongeza maswali machache tu katika ukurasa wa kwanza.

Tokeo la pili liliwashangaza wengi. Ilitazamiwa kwamba mwanamume akimjibia mkewe atazipunguza kazi za mke. Haikuwa hivyo: kujibiwa na mwingine hakukubadilisha takwimu za wanawake. Waliopungua ni wanaume, katika ushiriki, na hasa katika kilimo. Watafiti walilielekeza hili kwenye upungufu wa habari ndani ya kaya. Kwa mtazamo wa makala haya, tokeo hilo linafaa kusomwa pamoja na lile la kwanza. Kazi ya mwanamke haikufichwa na ujinga wa anayemjibia. Ilifichwa na swali. Mwanamke mwenyewe, akiulizwa kwa neno moja la jumla, hujiondoa katika hesabu sawasawa na vile ambavyo mwingine angemwondoa.

Kwa nini maswali ya mchujo yafaulu? Sababu moja ya kiisimu inaweza kupendekezwa. Swali la jumla huuliza kwa nomino: je, una kazi? je, kazi yako kuu ni ipi? Nomino humtaka mtu ajiainishe, yaani achague jina ambalo jamii itakubali kumpa. Mchujo huuliza kwa vitenzi: wiki iliyopita ulilima, ulipalilia au ulivuna? Uliuza chochote? Ulisuka, ulishona, ulipika chakula cha kuuza? Ulimfanyia mtu kazi ukalipwa fedha au kitu? Kitenzi hakihitaji cheo. Mwanamke anaweza kukataa kuitwa mfanyakazi na papo hapo akakiri, bila taabu, kwamba aliuza maandazi siku nne. Kiswahili, ambacho kitenzi chake hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, kinaufaa sana mtindo huu. Dodoso linalotegemea nomino kazi na ajira huiacha nguvu hiyo bila kuitumia.

6.0 Siku Saba na Mwezi wa Bahari: Wakulima wa Mwani

Mfano wa wakulima wa mwani wa Zanzibar unaonyesha kwamba hata baada ya kurekebisha neno, bado kuna jambo la wakati. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kilienea haraka Unguja na Pemba, na wakulima wake walio wengi mno ni wanawake. Kabla ya hapo wanawake wa pwani hiyo walichokoa pweza, waliokota chaza na kombe, walifukia makumbi ufukweni na kusokota kamba za usumba. Yote hayo yaliuzwa. Lakini yalifanywa kidogo kidogo, kati ya jambo moja na jingine, na kwa kawaida hayakupewa jina la kazi. Mwani ulikuja na mnunuzi, mizani na bei kwa kilo. Kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa na jibu la neno moja kwa mdadisi: wakulima wa mwani.

Kazi hii huongozwa na mwezi. Wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali na kuacha vigingi na kamba wazi, mkulima hushinda baharini. Hufunga mbegu, hupalilia, huvuna. Wakati wa maji mafu bahari haimruhusu kufanya mengi. Dodoso linauliza juu ya siku saba. Mdadisi akifika baada ya bamvu, atakuta mwanamke mwenye saa nyingi za kazi. Akifika kijiji hichohicho juma linalofuata, atamkuta yumo uani akifunga taitai kwenye kamba na kuanua mwani uliokauka, naye atasema hakwenda kazini. Kwa kanuni za kimataifa haipotezi ajira yake, kwa kuwa ana kazi ya kuirudia. Lakini saa zake zinapungua katika takwimu, na ikiwa swali halikutaja kazi ya nchi kavu, yeye mwenyewe huenda asiitaje. Kalenda ya utafiti iliyopangwa kwa kufuata mwezi wa mshahara haikuwajua watu wa mwezi wa angani.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Zao la mwani ni la aina mbili kuu. Ile yenye bei nzuri, iitwayo cottonii, haistahimili joto la maji ya kina kifupi, na katika sehemu nyingi za Unguja imekuwa ikifa kadiri bahari inavyozidi kupata joto. Iliyobaki, spinosum, huuzwa kwa bei ndogo. Kuifuata cottonii kwenye maji ya kina kirefu kunahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi wa pwani hiyo hawakurithishwa. Wako walioendelea na spinosum kwa malipo haba. Wako walioacha wakarudia pweza na usumba, na wako walioanza kutengeneza sabuni ya mwani. Katika kiwango cha ajira wote hao wamebaki mahali pamoja. Aliyevuna cottonii ana ajira; anayevuna spinosum ana ajira; aliyerudi kwenye usumba, ilimradi anauza na mdadisi amejua kumwuliza, ana ajira. Saa moja katika siku saba inatosha.

Ofisi za takwimu hukusanya pia hali ya ajira ya mtu, saa zake na kipato chake, na tafiti za nguvukazi za Tanzania Bara na Zanzibar zina majedwali ya mambo hayo. Jedwali linalomtenga mwajiriwa wa mshahara na anayejitegemea, na linalowatenga hao na msaidizi wa familia asiyelipwa, humweleza msomaji habari ambazo kiwango cha ajira peke yake hakiwezi kuzitoa. Tatizo ni kwamba majedwali hayo hukaa kurasa za ndani, na magazeti hunukuu ukurasa wa mbele. Mkulima wa Paje aliyepoteza cottonii yake hatapatikana katika ukurasa huo. Yumo katika jedwali la kipato, kwenye mstari wa wanaojitegemea, ikiwa siku ile alipoulizwa alifanya nini, aliulizwa kwa kitenzi.